Chokaa ya Dada Yangu

Kazi yangu ilikuwa kupaka chokaa. Niliianza ujanani, enzi za Mwingereza, nikapaka nyumba za Temeke, nyumba za Kinondoni, maduka ya Waarabu, na hata mawe. Watu wa siku hizi hawaamini nikiwaambia kwamba tulipaka mawe. Alipokaribia kupita mkubwa fulani wa serikali, mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa, na minazi ikapakwa mpaka kiunoni kana kwamba imejifunga vikoi vyeupe. Mkubwa akipita na gari lake, vumbi linatimka, mawe yanarudia rangi yake, na mimi naitwa tena. Nilijiona fundi mkubwa. Dada yangu alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba mimi ndiye mtu pekee hapa Temeke anayeyavalisha mawe nguo ilhali kaptura yangu mwenyewe imetoboka nyuma.

Naandika habari zake kwa sababu yeye ametangulia na mimi nimebaki. Ningependa kumlilia kwa heshima, kama watu wengine wanavyowalilia ndugu zao, lakini kila nikianza naikumbuka siku ile ya tambuu pale hospitali, na kilio kinaniharibikia. Basi niiseme kwanza, labda nikishaisema nitaweza kulia vizuri.

Dada alinizidi umri kwa mbali. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa sijaanza kutembea sawasawa, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, akanipeleka shule, akanitoa shule nilipofika darasa la nne kwa sababu, alisema, mwalimu amechoka. Aliolewa, akaachika, akarudi nyumbani Temeke na kuanza kuuza tambuu barazani. Asiyeijua tambuu, ni jani bichi la kijani lenye ukali kidogo. Unalitandaza, unaweka popoo iliyokatwa, katu ya mti iliyokaushwa, tumbaku kwa anayeitaka, halafu unachovya ncha ya kidole kwenye chokaa laini na kuipaka juu ya jani. Unalikunja, unalitia shavuni, unatafuna. Mate yanakuwa mekundu kama damu. Chokaa hiyo dada aliiweka katika kijaluba cha shaba alichorithi kwa mama, na kijaluba hakikutoka kwenye pindo la kanga yake.

Kwa hiyo sote wawili tuliishi kwa chokaa, na hilo lilikuwa ndilo shambulio lake la kila siku.

"Mie chokaa yangu watu wanaila na kusema ahsante," aliniambia. "Wewe yako hata mbuzi akilamba ukuta anajuta."

Mimi sikuwahi kutafuna tambuu. Nilijidai kwamba nataka meno meupe yafanane na kazi yangu. Ukweli ni kwamba udogoni niliiba kipande cha popoo kwenye sinia lake, kizunguzungu kikanipata, nikalala chini ya kitanda mpaka jioni. Tangu hapo nikawa mtu wa meno meupe.

Siku ya ajali dada alikwenda Mbagala kununua majani, kama kawaida yake. Alikuwa amesimama kando ya barabara ya Kilwa na furushi lake, akingoja gari la kurudi. Likapita lori lililobeba boriti za mikoko kutoka Rufiji. Kamba ikakatika, boriti zikaporomoka, moja ikampiga pajani. Mfupa ulivunjika, nyama ikachanika, na damu ikatoka nyingi sana. Dereva wa lori, Mungu amlipe, hakukimbia. Alimfunga paja kwa shuka lake mwenyewe, akampandisha juu ya boriti zilizobaki na kumpeleka moja kwa moja hospitali ya mjini.

Mimi habari zilinikuta Kinondoni, juu ya ngazi. Niliazima baiskeli ya mwenye nyumba, nikaikanyaga bila kunawa. Nilipoingia wodini nilikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka kidole cha mguu. Bibi mmoja mgonjwa aliyelazwa karibu na mlango aliponiona alifumba macho na kuanza kusoma shahada. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, mimi ni mpaka chokaa tu." Akafumbua jicho moja, akanitazama, akamaliza shahada yake kwa usalama.

Dada alikuwa amelala, midomo imepauka, uso umepungua kama wa mtu niliyemwona zamani na kumsahau. Aliponitambua alisema kwa sauti ya chini, "Umekuja kunizika? Mbona umevaa sanda wewe?"

Aliyekuwa akimhudumia pale wodini alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, mtu mnene kiasi, mpole, Mnyamwezi kutoka Tabora. Alipojua sisi ni Wazaramo aliniita mtani papo hapo, kwa maana Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mamlaka yoyote, hata mbele ya maiti.

"Mtani," akasema, "daktari anataka damu. Dada yako imemwisha. Unayo, au nayo umeipaka ukutani?"

Niseme ukweli. Wakati ule nusu ya mji iliamini habari za mumiani, kwamba wako watu wanaokamata watu na kuwanyonya damu wakaiuze, na mimi nilikuwa katika nusu hiyo. Niliona sindano na mpira na chupa. Nilitaka kusoma dua ya kujikinga, lakini iliyotoka mdomoni ilikuwa dua ya kula. Dresa akasema amina. Walipima damu yangu wakasema inapatana na ya dada, nami nikashangaa, kwani mimi na yeye hatukuwahi kupatana katika jambo lolote. Nikatoa damu. Nilipoinuka nikaanguka, nikapewa chai na sukari nyingi, na yule bibi wa mlangoni akasema kwa kila aliyepita kwamba malaika amezimia.

Chupa yangu haikutosha. Walimpa ya pili, na nyingine, za watu nisiowajua, na ninawaombea mpaka leo. Jeraha lilifungwa, damu ikaacha kuvuja, uso wa dada ukapata rangi. Nikakaa kwenye kiti pembeni yake nikijiona nimemwokoa peke yangu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia siku atakaponitukana tena.

Ndipo mkono wake ulipoanza.

Kwanza alisema midomo inamtambaa, kama sisimizi wanapita. Halafu vidole vya mkono wa kulia vikajikusanya vyenyewe, vitano vyote ncha kwa ncha, kiganja kimepinda, kama mtu aliyeshika tonge la wali. Mkono ukabaki hivyo, umeinuka kidogo kuelekea kifuani. Alinitazama tu kwa macho makubwa.

Mtu mwenye akili angemwita dresa. Mimi nilifurahi. Nilisema moyoni, dada amepona, anaomba chakula. Kitanda cha pili kulikuwa na mama aliyemletea mgonjwa wake wali na mchuzi wa samaki. Nikamwomba konzi moja, nikaifinyanga vizuri, nikaja nayo mpaka mdomoni kwa dada. "Haya, dada," nikamwambia, "usiombe kwa mkono kama bubu, si useme tu."

Taya lake lilikuwa limekaza. Tonge likamwangukia shingoni. Mkono wa pili nao ukajifunga vilevile, na kidevu kikaanza kumcheza.

Yule mama wa kitanda cha pili ndiye aliyemwita dresa, na dresa akamwita daktari. Alikuwa daktari Mwingereza mwenye nywele za mvi, mtu wa maneno machache. Hakutazama jeraha. Alitazama mikono, akamgonga dada kwa kidole shavuni, mbele ya sikio, na mdomo wa dada ukaruka upande. Akasema neno moja kwa Kiingereza, na dresa akatoka mbio.

Aliporudi na sindano mkononi nikamshika kanzu yake nyeupe. "Ana nini?"

"Chokaa, mtani," akasema. "Damu yake imepungukiwa chokaa."

Nataka msomaji anielewe. Nguo zangu zilikuwa nyeupe, nywele nyeupe, kucha nyeupe. Mtu huyu alikuwa amenitania tangu nilipoingia. Na sasa dada yangu anakufa mbele yangu, naye ananiambia kinachomuua ni ukosefu wa chokaa. Nikakasirika sana, kwa mara ya kwanza tangu niingie pale.

"Dada yangu anakata roho," nikamwambia, "na wewe unaleta utani?"

Hakucheka. "Utani tutautania kesho akiwa hai," akasema. "Niachie nguo."

Wakamtia sindano ile mshipani. Sikuwahi kuona sindano ikisukumwa taratibu vile. Daktari alishika mkono wa dada akisikiliza mapigo, dresa anasukuma kidogo, anaacha, anasukuma tena, kama mtu anayemimina mafuta kwenye kibatari. Baada ya muda dada akavuta pumzi.

"Mbona mmenitia tanuruni," akasema. "Nawaka mwili mzima."

"Ndiyo yenyewe hiyo, mama," dresa akamjibu. "Tulia uive."

Vidole vikaanza kulegea. Kimoja, kingine, vyote. Kiganja kikafunguka juu ya shuka, na katikati yake kulikuwa na punje ya wali ambayo sijui ilifikaje. Dada akaitazama, akanitazama mimi. Nilijua imewekwa akiba.

Jioni ile dresa alikaa nami ngazini akanieleza, na alieleza vizuri, kwa lugha ya mtu anayejua kwamba msikilizaji wake ameishia darasa la nne. Alisema ndani ya damu ya kila mtu mna chokaa, si ya ukutani, ni chembe zilizoyeyuka ambazo macho hayazioni, na nyama za mwili haziwezi kukaza na kulegea sawasawa bila hizo. Mtu akiumia vibaya na kumwaga damu nyingi, chokaa hiyo hushuka. Na damu ya chupa hutiwa dawa isigande. Dawa hiyo ikiingia mwilini inaikamata chokaa iliyobaki. Kwa hiyo chupa zilezile zilizomwokoa dada zilimpunguzia chokaa yake.

"Vidole ni onyo tu," akasema. "Moyo nao ni nyama. Chokaa ikishuka sana moyo unachoka, na damu yenyewe inachelewa kuganda, jeraha linaanza upya. Wagonjwa wa namna hii, chokaa ikiwa chini, wengi wao tunawapoteza. Ndiyo maana daktari amesema asipewe chupa nyingine mpaka yeye mwenyewe aone haja. Na dawa ya sindano imebaki kidogo sana, tunangoja ije nyingine."

"Na ikishuka tena?"

"Tunaomba isishuke."

Nilikwenda nyumbani na maneno hayo mawili kichwani: chokaa, imebaki kidogo. Mimi niliyekuwa na mapipa ya chokaa uani. Nilikaa nikiyatazama mapipa yale kwa uchungu. Halafu nikaona sinia la tambuu la dada, limefunikwa kwa kitambaa kibichi kama alivyoliacha, na pembeni yake kijaluba, ambacho dereva wa lori alikuwa amekirudisha pamoja na kanga. Nikafikiri. Dada ametafuna tambuu tangu nimjue, na hakuwahi kuumwa hata kichwa. Kumbe ndiyo sababu. Alikuwa akijitia chokaa mwenyewe kila siku bila daktari. Sasa ameshinda hospitali kutwa nzima bila tambuu, itakosaje kushuka?

Nimesikia watu wakisema kwamba mawazo mabaya huja na wasiwasi. Hili lilikuja na furaha. Nilikunja tambuu mbili kwa mikono yangu, bila tumbaku, nikizingatia usafi, nikazifunga kwenye jani la mgomba na kuzitia mfukoni pamoja na kijaluba.

Kesho yake, saa za kutazama wagonjwa, dresa hakuwapo. Ilikuwa zamu yake ya kupumzika. Nilimwinamia dada sikioni. "Nimekuletea dawa yako."

Alipoinusa macho yake yalipata uhai. "Leo umefikiri," akasema. "Nani amekusaidia?"

Nikamtia ile tambuu shavuni. Alitafuna polepole, macho ameyafumba, na mimi nikamwangalia vidole. Vilikuwa vimelala wazi juu ya shuka. Nilijipongeza. Nadhani hata niliuma midomo kwa kiburi.

Mgonjwa aliyelala chali hawezi kutema vizuri. Mate yalimtiririka pembeni ya mdomo, yakapita kidevuni, yakaingia kwenye shuka jeupe la hospitali. Kwa wakati huohuo alipita nesi kijana, mgeni, aliyekuja karibuni kutoka misheni huko bara, msichana ambaye nadhani hakuwahi kuona tambuu maishani mwake. Aliona mgonjwa aliyeongezewa damu jana, na wekundu unamtoka mdomoni.

Hakupiga kelele. Alikuwa amefundishwa vizuri kupita kiasi. Alichukua shashi, akaikunja, akamjaza dada mdomoni na kumshikilia taya, kisha akaita daktari.

Akaja daktari mwingine, siyo yule wa mvi. Huyu alikuwa kijana mwekundu wa uso, mgeni nchini, na Kiswahili chake kilikuwa cha maagizo tu. Akatazama shuka, akatazama shashi inavyolowa, akasema maneno ya haraka. Nesi akamgeukia mwenzake: "Anasema ulete chupa ya damu. Upesi, inavuja ndani."

Chupa ya damu. Nikasikia sauti ya dresa ngazini: inaikamata chokaa iliyobaki. Nikausikia moyo wa dada, nyama ile, unakaza kama vidole.

Nikasimama. "Bwana," nikasema, "ni tambuu."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo. Damu."

"Tambuu, bwana. Tambuu."

"Ndiyo, ndiyo. Damu mingi. Wewe ngoja nje."

Mtu mwingine angebadilisha maneno. Angesema ni majani, ni kitu cha kutafuna, ni uraibu wa wanawake wa Pwani. Ulimi wangu mimi ulikuwa na neno moja tu, na kila nilipolisema kwa hofu lilizidi kufanana na damu. Nikamgeukia nesi, nikamwambia, "Tambuu, binti." Akanijibu kwa upole, "Tunaona, baba, usiogope, anaongezwa." Dada naye alikuwa akikoroma kitu nyuma ya shashi, amekunja uso, akitikisa kichwa, na nesi akazidi kumshikilia kwa sababu mgonjwa anahangaika. Chupa ikafika. Ikaning'inizwa kwenye chuma chake. Mpira ukaanza kufunguliwa.

Nikatia mkono mfukoni, nikatoa tambuu ya pili.

Nilifikiri hivi: wakiona mate yangu nayo ni mekundu, watajua. Mpaka hapo fikra ilikuwa nzuri. Lakini nilikuwa sijawahi kutengeneza tambuu ya kula mwenyewe, na mkono wangu ulikuwa mkono wa mpaka chokaa. Ili wekundu utoke haraka nilifungua kijaluba na kuchota chokaa kama ninavyochota kwenye pipa, vidole viwili vimejaa, nikaipaka kwenye jani mkupuo mmoja na kuliingiza lote mdomoni. Nikatafuna.

Sijui niuelezeje moto ule. Dada alisema walimtia tanuruni. Mimi nilimeza tanuru. Macho yalifurika, masikio yakavuma, ulimi ukajaribu kutoka mdomoni peke yake. Lakini nilitafuna, kwa maana chupa ilikuwa palepale inaning'inia. Nikainama juu ya karai la enameli lililokuwa mguuni pa kitanda, nikatema. Mekundu. Nikatema tena, mekundu zaidi. Nikanyosha kidole kwenye karai, nikanyosha kidole kwa dada, nikanyosha kidole mdomoni kwangu, na kutoa sauti ambayo haikuwa neno la lugha yoyote.

Daktari kijana alinitazama. Nikaona usoni mwake kwamba sasa anahesabu wagonjwa wawili. Akaniwahi mabega ili anilaze chini.

Nesi, kwa mshangao, alikuwa amelegeza mkono. Dada akaitema shashi, na jani lililotafunika likatoka nalo, kijani na jekundu, likakaa juu ya shuka watu wote walione. Halafu alianza kucheka. Alicheka bila nguvu, paja linamuuma, machozi yanamtoka, anashika ubavu.

"Bwana daktari," akasema alipoweza, "huyo si mgonjwa. Huyo ni mdogo wangu, kazi yake kupaka chokaa. Leo amekosa ukuta amejipaka mdomoni."

Wodi nzima ilielewa kabla ya daktari. Yule mama wa kitanda cha pili alimweleza nesi kwa maneno ya kawaida, yale ambayo mimi nilishindwa kuyapata, na nesi akamweleza daktari kwa Kiingereza. Daktari akaliokota jani, akalinusa. Akamfungua dada mdomo, akachungulia ndani, akaona hakuna kidonda. Akamshika mkono, akavinyosha vidole kimoja kimoja, akamgonga shavuni kama alivyofanya mwenzake, na mdomo haukuruka. Mwisho akaashiria chupa iondolewe. Iliondoka jinsi ilivyokuja, imejaa, na mimi nikaifuata kwa macho mpaka ilipopita mlango.

Ndipo wakanigeukia. Mdomo wangu ulikuwa umebabuka, ngozi ya ndani ya shavu inatoka vipande. Nilisukutuliwa maji, na maji tena, nikalazwa wodi ya wanaume mpaka asubuhi, nikinyweshwa uji wa baridi kwa kijiko. Dresa aliporudi kazini alianzia kwangu kabla hajafika kwa dada.

"Mtani," akasema, akivuta kiti, "kwa dada imepungua, kwako imezidi. Si mngegawana tu nyumbani, mkatuachia sie nafasi?" Kisha akaniambia kwa sauti nyingine kwamba tambuu haisaidii damu, wala nisirudie tena, na kwamba daktari wa mvi alipoelezwa habari za chupa ile alikuja mbio kumgonga dada shavuni upya.

Dawa ya sindano ilikuja. Dada alipigwa mara mbili tatu zaidi, na kila mara alisema anawaka, na mkono haukujifunga tena. Alikaa hospitali muda mrefu, mguu umening'inizwa kwa mawe ili mfupa unyooke. Mawe yenyewe hayakuwa yamepakwa chokaa, na aliniuliza kama nimekuja na burashi. Alirudi Temeke akichechemea, akarudi barazani, na kila mteja aliyeketi alipata tambuu na hadithi. Hadithi ile ilikua. Ilipofika mwisho nilikuwa nimekula kijaluba chenyewe. Ulimini mwangu pamebaki mahali pasiposikia chumvi, nilimlalamikia siku moja kwamba mchuzi wake hauna ladha, akaniambia, "Upitishe upande wa pili."

Aliishi miaka mingine baada ya hapo, na kabla Mwingereza hajaondoka homa ya kifua ilimchukua, kitandani kwake, mchana, mkono wake wazi ndani ya mkono wangu. Niliutazama mkono ule mpaka mwisho. Vidole havikujikusanya. Sikujua kama nishukuru.

Siku ya maziko nilijitahidi kuwa mtu mzima. Nilinawa vizuri, nikavaa kanzu, nikatembea mbele ya jeneza nikiwa nimekaza uso. Tulipokaribia makaburi tukakuta mtu mnene amelala kifudifudi katikati ya njia. Alikuwa dresa, ametoka mjini kwa miguu. Watani wana haki hiyo kwetu, kuziba njia ya maiti mpaka wapewe wanachotaka, na waliobeba jeneza wakasimama bila kuulizwa.

"Hapiti mtu," akasema, mdomo uko mavumbini, "hadi mpaka chokaa atafune tambuu."

Watu wakacheka, kwani wote walikuwa wateja wa dada na wote walikuwa wamelipishwa hadithi ile. Mimi sikuwa na tambuu. Yeye alikuwa nayo. Akainuka akaketi palepale njiani, akalitandaza jani juu ya goti, akaweka popoo na katu, akanyosha mkono kwangu. Nilielewa anataka nini. Nikatoa kijaluba mfukoni, nikampa. Akachovya ncha ya kidole, ncha tu, akaipaka, akalikunja jani na kunitia mdomoni mwenyewe kama anavyolishwa mtoto.

Nikatafuna mbele ya watu wote. Ilikuwa tamu kidogo, kisha chungu kidogo. Nikatema pembeni, mekundu, na macho yangu yakafurika nikashindwa kuyazuia.

"Ni chokaa," nikasema.

Dresa alinitazama, akakifunga kijaluba na kunirudishia. "Nimeipima kwa mkono wangu, mtani," akasema. "Hiyo haimtoi mtu machozi."

Akasimama, akajikung'uta vumbi, akatuachia njia.